Kuinyamazisha Baiskeli ya Injini

Jumatatu, 3 Juni

Ndizi zimefika Kibondo, zimeisha mapema. Goti limeuma tangu asubuhi. Injini imenipandisha mlima kama kawaida, ikipiga kelele kama kawaida. Niliinunua Kasulu goti lilipoharibika. Bila hiyo sipandi mlima huu na mikungu nyuma, na bila mlima hakuna soko.

Jioni amekuja Simoni, balozi wetu wa nyumba kumi. Ana ujumbe kutoka kwa Mzee Bigirwa, nyumba ile iliyo kando ya barabara katikati ya mlima. Mzee hatoki tena kitandani, na baiskeli yangu inampasua kichwa kila alfajiri. Niinyamazishe. Soko la wiki ijayo likifika bado inalia, niifungue injini niiweke ndani.

Nimesema sawa. Sijafurahi hata kidogo. Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi, wanasema. Hawajaona mlango kama wangu.

Jumanne, 4 Juni

Mke wangu ananiambia niende kumsalimia mgonjwa. Sikwenda. Nimechoka, na nina hasira. Kama wana neno wamelipitisha kwa balozi, basi na mimi nitajibu kwa vitendo.

Nimechukua stilwaya ya kusugulia sufuria, nikaisokomeza ndani ya ekzosi, bomba la moshi. Sauti ilipungua kweli. Nilipofika mbele ya nyumba yao hasa, injini ikakosa pumzi, ikazima. Nikasukuma. Domitila, binti wa mzee, alikuwa anafagia uwanja. Alinitazama, akaendelea kufagia.

Mke wangu anatafuta stilwaya yake.

Alhamisi, 6 Juni

Leo kopo la maziwa ya unga. Nililitoboa matundu, nikalifunga kwa waya mwisho wa ekzosi. Lilitoka kwenye kona, likabiringika hadi kwa watoto waliokuwa wanakwenda shule. Wakaniletea mbio. "Baba Neema, sauti yako imeanguka."

Nilicheka. Baadaye nikachoka zaidi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepita dukani kwa Haji Salumu pale Kibondo, anauza vipuri. Kwao ni Tanga, hana haraka na mtu. Aliniambia niwashe. Akaweka kiganja kwenye fremu, akakiacha hapo muda, macho kafumba.

"Ndugu yangu, wewe unamziba mdomo mtu anayelia mwili mzima."

Kumbe injini imebanwa chuma kwa chuma, na fremu yote inatetemeka nayo. Nikate tairi kuukuu, niweke vipande kati ya injini na fremu. Mpira mwembamba niubane kwenye mapezi ya injini, yale ya kupoozea joto. Kisha akanipa sailensa ya pikipiki, ya kumeza sauti, iliyotumika, ndefu, yenye kutu. Akafunga duka, akaenda kuswali.

Jumamosi, 8 Juni

Kutwa nzima chini ya baiskeli. Tairi gumu, kisu butu, nimejikata kidole. Cheni nimeipaka grisi. Mgongo hauko tena mahali pake.

Jioni nikawasha. Kuku hawakukimbia.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepanda mlima ikinguruma chini chini. Nilisikia jogoo wa Mzee Bigirwa akiwika wakati napita, sijawahi kumsikia. Simoni alinipungia mkono. Injini imepona, kazi imepona. Nimelala saa ya kuku.

Jumatano, 12 Juni

Domitila alikuwa amesimama katikati ya barabara alfajiri, mkono juu. Nilijua ni lalamiko jingine. Nilikuwa na maneno tayari, mabaya.

"Baba anakuita."

Nimeingia kwao kwa mara ya kwanza tangu mzee alale. Ameelekea ukutani. Sikujua kwamba macho yameshaondoka kabisa. Nikamwamkia kwa Kiha, mwakeye. Akauliza kama bado niko hai, au nimeacha ndizi.

Halali usiku. Usiku na mchana kwake ni kitu kimoja. Alikuwa anangoja injini ipande mlima. Akiisikia, anajua kumekucha, anaomba uji. Jogoo hamwamini, anawika ovyo. Tangu Jumatatu amengoja, akadhani usiku umekataa kwisha.

Aliyekwenda kwa balozi ni Domitila, kwa kumhurumia baba yake. Kwetu mgonjwa haulizwi, wazima ndio wanamsemea. Mlango ulikuwa wazi siku zote hizi na mimi nilipita. Nimeona aibu sana.

Mzee hakunilaumu. Alisema, "Mwanangu, piga kelele kidogo. Hapa kwangu tu."

Domitila alikuwa anatazama sakafu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimelegeza sailensa bondeni, nikaitoa. Nikapita kwao na ekzosi tupu, mlima wote ukasikia. Juu nikairudisha kwa kitambaa, bado nimeungua vidole. Simoni alinifuata kuuliza kulikoni. Nilimwambia akamuulize mzee mwenyewe.

Nilipogeuka nyuma, moshi ulikuwa unatoka jikoni kwao.

Jumamosi, 15 Juni

Toa, funga. Toa, funga. Kazi ya kijinga. Naifanya.

Jumanne, 18 Juni

Mzee Bigirwa amefariki kabla hakujakucha. Sikuwa nimewasha bado. Hilo linaniuma kuliko goti.

Leo hakuna anayelima.

Ijumaa, 21 Juni

Tulimzika juzi. Matanga bado, watu wanalala pale uwanjani. Msibani hupiti umekaa juu ya baiskeli, unashuka. Nimezima injini bondeni, nikasukuma mikungu yote kwa miguu. Goti liliwaka moto.

Nilipofika usawa wa nyumba yao, mzigo ukawa mwepesi. Domitila alikuwa nyuma, ameshika keria ya mzigo, anasukuma. Tukasukuma mpaka juu.

Pale tulipumzika. Akauliza kama kuanzia sasa nitapita na sailensa. Nikasema, akitaka niitoe, nitaitoa.

Akasema niiache tu. Hakuna tena wa kupikiwa uji mapema.

Akateremka. Nilikaza nati, nikawasha. Haikusikika mbali.