Senene za Kingi

Mama mupenzi,

Nakuamkia toka Kingi, baridi ya huku iko inauma mpaka mifupa. Jana Dada alitukaangia senene, sahani nzima. Nikamuuliza alizikamata namna gani.

"Zilianguka zenyewe mu shamba ya kahawa ya muzungu, walipomaliza kunyunyiza dawa ya wadudu. Sisi tuliokota tu, tukamushukuru Mungu."

Kuku waliokota pia. Leo asubuhi tuliwakuta wote wamekufa, miguu juu, hata jogoo.

Kapita, musimamizi wa ile shamba, anasema ile dawa inaua wadudu tu, muntu haimufanyi kitu. Dada anajikaza kumuamini, sababu watoto njo walikula mingi. Sasa wanacheza inje. Tunaita majina yao kila mara, waitike tu.

Utuombee, Mama.

Mutoto wako,
Riziki