Sekunde Arobaini za Mwisho

Mdogo wangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya mashahidi wawili, yaani wifi yako na paka wa jirani aliyeingilia dirishani, napenda kukutangazia rasmi kwamba juzi Alhamisi, saa kumi na robo alasiri, nilibadilisha sindano ya mashine yangu ya santuri kwa mara ya nne mwaka huu. Hafla ilikuwa fupi na hakuna aliyehutubia. Paka aliondoka kabla haijaisha. Wifi yako alibaki, kwa sababu ndiye aliyeshika tochi.

Baada ya tangazo hilo, salamu. U hali gani, dada yangu? Mikono haijambo? Nauliza mikono kwanza kwa kuwa najua wewe ukiulizwa afya huanzia vidoleni, mengine yote kwako ni mapambo. Na shemeji je, bado anajifanya amelala wakati wa mazoezi yenu, au siku hizi analala kweli? Sisi huku hatujambo. Wifi yako ni mzima, ila magoti yanamgomea kwenye ngazi. Mimi tumbo linaongezeka, nywele zinapungua, kwa hiyo jumla yangu ni ileile. Kiwanda cha uchapaji bado kinanilisha. Ile mashine ya kukunja karatasi ingali inapiga kelele kama mtu aliyedhulumiwa urithi, nami ningali nasimama ubavuni mwake kama nilivyosimama miaka ishirini na sita.

Barua yako niliyoipata Jumatatu nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili barua ya kurasa mbili. Nitaijibu, ila niache nizunguke kidogo kwanza. Unanijua. Mama alikuwa akilalamika kwamba akinituma chumvi dukani narudi na habari za mtaa mzima, na chumvi nimeisahau.

Dukani kwa Mama Santuri naendelea kwenda kila Jumamosi. Zile santuri za watunzi wakubwa, ambao hata kinyozi wangu anawajua, yeye huzipanga rafu ya mbele. Zangu mimi anazitupia kwenye makatoni ya sabuni chini ya meza, pamoja na pasi zilizoungua. Akiniona naingia huwaambia wateja wapishe njia, amekuja mzee wa visivyonunuliwa. Mwezi huu nimetoka na tatu. Ya kwanza ni ya wapulizaji watano, imetungwa na karani wa forodha ambaye, kwa jinsi muziki wake ulivyo, alitaka kila begi lifunguliwe mara mbili. Ya pili ni simfoni ya tatu ya bwana mmoja aliyezichoma moto mbili za kwanza, na nadhani aliondoka jikoni mapema mno. Ya tatu ni ya klarineti, viola na piano, ya daktari wa vijijini ambaye jina lake sijawahi kulisikia likitajwa na mtu yeyote. Hiyo, dada, ni nzuri kiasi kwamba niliketi juu ya miwani ya wifi yako na sikujua mpaka upande wa kwanza ulipoisha. Nyuma ya jalada wameandika mstari mmoja tu kumhusu: alizaliwa, alitibu watu, akafariki.

Ni katika makatoni hayohayo, miaka tisa iliyopita, nilimwokota yule mwalimu wa kwaya aliyetunga kazi moja tu ya wapigaji wanne maishani mwake. Santuri yenyewe ilikuwa imechubuka kama imepigwa msasa, lakini niliisikiliza mpaka mwisho nikakutumia siku ileile. Ninyi wanne mkatafuta nota zake miaka na miaka, mkazipata kwenye maktaba ya chuo, zimeandikwa kwa mkono na zimetafunwa na panya pembeni. Mkawa wa kwanza kuirekodi upya tangu irekodiwe zamani hizo. Kiwandani nimemwambia kila mtu. Hawajui kwa nini watu wanne wajifungie chumbani na fidla, lakini wanajua kwamba wapo wanne na kwamba dada yangu ndiye wa mbele.

Kisha ukanitumia santuri ya majaribio, na kijikaratasi: Kaka, wewe ndiye uliyemwona kwanza, sikiliza kabla ya mtu mwingine yeyote utuambie kilichopungua, maana masikio yako ndiyo tunayoyaamini. Sentensi hiyo nilimsomea wifi yako kwa sauti. Mara mbili. Mara ya tatu alinikatalia.

Nikasikiliza. Sehemu tatu za kwanza nilizifurahia kama mtoto. Ikaja ya nne, pale ambapo wenzako wanakuacha mmoja mmoja, selo, kisha viola, kisha fidla ya pili, na wewe unabaki peke yako ukipanda mpaka uzi hauna tena nafasi ya kidole. Kwenye santuri yangu ulipanda, ukapanda, halafu hukuwepo. Sekunde arobaini kimya, kisha mkwaruzo wa mwisho. Nikakuandikia ile barua. Najua niliandika kwamba Mzee Nyaya, fundi sauti wenu, ameuzika mwisho. Nilitumia neno hilohilo, kuzika, tena nililipigia mstari.

Sasa jibu lako. Unasema wewe kwenye nakala yako unajisikia, na Mzee Nyaya naye anakusikia, lakini barua yangu ilikufungua macho: ninyi mnaisikia sauti hiyo kwa sababu mnajua ilipo, bali mnunuzi aliyeketi nyumbani kwake hataipata. Ukamwambia asogeze maikrofoni karibu mrekodi tena. Akakataa, akisema sauti hiyo ndivyo ilivyo, ukiisogelea utapata mkwaruzo wa singa za upinde na muziki utakimbia. Mkarushiana maneno. Ukamwambia kwamba kaka yako hajawahi kukosea. Mzee wa watu akakunja nyaya zake, mmoja mmoja, akaondoka. Tangu siku hiyo mpiga viola hakusalimu. Jumanne mnaingia studio na fundi mwingine, na wewe umeazimia kukandamiza upinde zaidi.

Halafu chini kabisa, kwa mwandiko mdogo kana kwamba ulitaka nisiuone, umeandika kwamba labda kosa si la fundi. Labda ni mkono wako, kwamba ukiwa na miaka arobaini na saba umeanza kuishiwa na kile kitu, na baada ya santuri hii huenda ukamwachia mdogo zaidi kiti cha mbele.

Dada, nimesimama mara tatu tangu nianze aya hiyo. Nimekwenda dirishani, nimerudi. Nimesogeza spika ya kushoto nusu hatua, nikairudisha ilipokuwa. Nilikupigia simu Jumanne, ukapokea, nikakuuliza kama mvua imenyesha. Jumatano nikapiga tena nikauliza kama imekatika. Lazima ulidhani nimeanza kilimo. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye karatasi angalau nikikimbia utaona pengo.

Ilikuwa Jumapili, siku ya pili baada ya kukutumia ile barua yangu ya mazishi. Nilitaka shahidi, nikamwita wifi yako. Muziki huu yeye haupendi, anasema ni wa watu wanaosubiri kung'olewa jino, lakini alikuja na kapu lake la nguo zilizokauka akaanza kukunja. Ikafika sehemu ya nne. Ukapanda. Ukatoweka. Nikageuka nimwambie umeona, si nilisema? Nikamkuta ameshika soksi yangu mkononi, hakunji tena. Shingo ameilaza upande. Nilipofungua mdomo akaninyooshea kidole ninyamaze. Nyumbani kwangu mwenyewe, mbele ya mashine yangu mwenyewe, nanyamazishwa nisivuruge ukimya. Kidole kilibaki hewani, kisha kikashuka, naye akashusha pumzi. Akauliza kwa nini yule mmoja ameachwa peke yake muda wote ule, na kama alifika alikokuwa akienda.

Nikarudisha sindano nyuma. Nikamwomba ainue mkono muda wote fidla ikiwa inalia, aushushe ikinyamaza. Akaniangalia kama mtu anayeombwa kushiriki ujinga, lakini akainua, na soksi ndani yake. Mimi nikakodolea saa ya ukutani. Sekunde kumi. Ishirini. Mkono ukaanza kutetemeka kwa kuchoka, haukushuka. Chumba kwangu kilikuwa kimya kama kabati. Ulishuka sekunde ya arobaini.

Ningependa kukuambia kwamba nilichukua kalamu saa ileile. Sikuchukua. Nilimwambia wifi yako kwamba yeye amekaa mahali pazuri zaidi. Tukabadilishana viti. Kesho yake nikanunua waya mpya wa spika, siku iliyofuata nikahamisha kabati, kisha nikalirudisha. Ikafika barua yako, nikajua kwamba Mzee Nyaya ameondoka kwa ajili yangu, na jibu langu kwa habari hiyo likawa kununua sindano ya nne. Wifi yako alishika tochi mpaka nilipomaliza kufunga, ndipo akasema, kwa upole kabisa, kwamba hata nikibadilisha nyumba nzima, hiyo mpya nitaiingia na masikio yaleyale.

Jana nilikwenda kliniki. Binti mmoja mpole akanifungia kwenye kijichumba, akanivisha vikombe vya masikioni, akanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Nikabonyeza vizuri mwanzoni, kisha nikakaa nikisubiri kwa adabu. Mwishowe nikamuuliza kama kipimo kimekwama. Akasema kinaendelea, tumeshavuka nusu. Baadaye akanionyesha karatasi: mstari unatembea sawasawa kama mtu mwenye heshima zake, halafu ghafla unaporomoka. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia. Akauliza kama huwa nafunika masikio kiwandani. Nikalazimika kumwambia kwamba tulipewa vifuniko sote, nami vyangu nimevitundika msumarini tangu siku ya kwanza, kwa sababu vinabana. Akasema sauti za juu zimekwenda, zimekuwa zikienda taratibu kwa miaka mitano au sita, na hazirudi.

Miaka mitano au sita, dada. Una habari ya daftari langu, lile ninaloandikia hukumu za kila santuri? Nimelipitia leo asubuhi. Filimbi dhaifu. Fidla za juu zimelala. Filimbi haipo kabisa, fundi aadhibiwe. Nimewatukana wapiga filimbi wa nchi nyingi, wengi wao marehemu, na hao siwezi kuwaandikia. Wewe naweza.

Kwa hiyo sikiliza. Sauti ipo. Imekuwepo tangu mwanzo. Mzee Nyaya alisema kweli neno kwa neno, na nimemwandikia barua yake mwenyewe inayosafiri pamoja na hii. Hata hivyo nenda kwake kwa miguu yako, kwa sababu barua yangu haiwezi kusimama mlangoni ikatazama chini. Usikandamize upinde. Kuhusu mkono wako mimi siwezi kutoa ushahidi, nimejiondoa kizimbani. Lakini nimemwomba wifi yako asikilize tena asubuhi hii aniambie kilichomo, nami nikaandika kama alivyosema. Alisema ni kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa hadi mdomoni, anavuka chumba ambamo watu wamelala. Anafika. Anakiweka chini. Hajamwaga hata tone. Nilimrudishia mara mbili zaidi nikitumaini atapunguza neno, hakupunguza. Na huyu, kumbuka, ni mtu wa kung'olewa jino.

Utauliza kwa nini nilikaa kimya siku kumi na tatu. Si aibu ya kukosea, kukosea nimezoea. Nyumbani kwetu wewe ndiye unayepiga na mimi ndiye ninayesikia. Ndivyo tulivyogawana tangu utotoni, wewe na fidla yako ya kuazima, mimi nimeketi juu ya ndoo nikikuambia pale ulipoteleza. Niliogopa kwamba nikisema, hutanitumia tena kitu, na sitajua niketi wapi. Nikaona heri mtu mwaminifu akunje nyaya zake, heri hata wewe uushuku mkono wako, kuliko mimi kuinuka kwenye ile ndoo. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa namna inayonipendeza zaidi. Haipo.

Barua hii anakuja nayo mwenzangu wa kiwandani anayesafiri kesho kumwona mama yake. Nimemwambia asimpe mtu mwingine, akuwekee mkononi. Msalimie shemeji, mwamshe kwanza. Wasalimie watoto, na mpiga selo, na fidla ya pili. Mpiga viola mpe salamu zangu za pekee, na umwambie kwamba yule asiyesikia amekiri. Wifi yako anakusalimu sana na anauliza kama yule mwalimu wa kwaya alitunga kitu kingine kifupi kuliko hicho.

Nisamehe utakapoweza. Lakini kwanza zuia Jumanne.

Ni mimi,
Kaka yako