Niliwatoa Mwenyewe ili Picha Ipendeze

Odessa, kaunti wamekifunga kituo cha kura cha pale saluni kwangu. Na makaa nimejipalia mwenyewe!

Unamkumbuka yule mpiga picha wa siku ya uchaguzi, aliyekuwa akizunguka Alabama nzima kupiga picha za vituo? Aliniambia, "Mama, mashine za kura chini ya vikausha nywele, hii ndiyo demokrasia yenyewe! Ila watu wananizibia."

Na kiherehere changu, shosti! Nikawatoa wapiga kura wote arobaini, nikawapeleka uani. "Haya, kaleni samaki, mgeni apate picha yake." Mimi, nisiyepata usingizi nyumba ikiwa tupu!

Mzee Ezell akanuna. "Verlene, miaka sitini napanga foleni, leo unanitoa kwa ajili ya picha?" Nikamcheka.

Leo kwenye kikao cha kaunti mwenyekiti kaionyesha picha ile ukutani, kubwa kama shuka. "Siku ya uchaguzi, saa sita mchana. Mnaona mtu hapo?"

Nikasimama, "Walikuwa uani wanakula!" Watu wakacheka, Odessa. Wakacheka!

Mwenyekiti akaniuliza, "Na nani aliwatoa, bibie?"

Nikakaa.

Sasa kituo kipya kiko maili ishirini na mbili kutoka hapa, hata basi haliendi huko, na Mzee Ezell hana gari. Tulipotoka kanishika mkono, akasema taratibu kabisa, "Verlene, uchaguzi ujao nitakuwa na nafasi siku nzima. Utatukaangia samaki?"