Bunduki ya Raheli

Rooty Hill, Sydney,
Australia.
21 Novemba 2021.

Mpendwa Baba Mdogo Erasmus,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe, na Mama Mdogo hajambo? Goti linaendeleaje? Nimesikia mvua za vuli zimeanza huko Karagwe na mguu umerudia tena kukusumbua. Pole sana. Pole hiyo nimeitoa moyoni kweli, ipokee, maana nyingine sina.

Sisi huku wazima. Tulifungiwa ndani tangu mwisho wa Juni mpaka Oktoba kwa ajili ya korona, na sisi wa magharibi mwa jiji tulibanwa kuliko wenzetu wa pwani, helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa kana kwamba tumeiba. Mimi nilitoka kwenda kazini tu, kule St Marys, kwenye nyumba ya wazee ninaowahudumia. Raheli alisomea kwenye meza ya jikoni. Mjukuu wenu ametimiza miaka kumi na mitatu na ameshanifikia sikioni.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Simu ndiyo iliyoniletea haya yote, Baba Mdogo, ndiyo maana leo nimeipa likizo.

Baba alipofariki Agosti mwaka jana, mipaka ya huku ilikuwa imefungwa na ruhusa yangu ya kusafiri haikutoka kwa wakati. Nilimzika baba yangu kwa WhatsApp, nimekaa sakafuni bafuni ili Raheli asinisikie nikilia. Siku ya kuanua matanga mkaniweka tena kwenye simu ya Godfrey. Mlipofika kwenye bunduki ya marehemu ukasema, "Mtandao umekata," ukailaza simu kifudifudi mezani. Lo! Mtandao haukukata hata sekunde moja. Niliona giza tu, lakini nilisikia kila neno kwa dakika arobaini na moja, mpaka ulivyoagiza soda ya pili.

Nilisikia wazee wakikukumbusha kwamba kaka yako Ponsian, baba yangu, alisema bunduki aliyolindia shamba iende kwa mtoto wa Leokadia, yaani Raheli wangu. Nikakusikia ukicheka. Ukasema mtoto wa kike aliyekulia Ulaya atafanya nini na bunduki, labda apigie picha. Mzee mmoja akauliza, na mama yake je? Ukajibu, mama yake ni mkia wa mbuzi, hayuko mbele wala nyuma. Bunduki ikaenda kwa mwanao Godfrey, na mkapiga makofi. Kwanza hapa si Ulaya. Pili, nilinyamaza mwaka mzima na ushee, na wewe ukadhani sikusikia.

Sikusamehe. Nakwambia waziwazi, na padri wangu naye nimemwambia. Nilijilaza na hasira hiyo na kuamka nayo, nikaamua kwamba Raheli atapata bunduki, na wewe utaiona.

Huku mambo hayo si ya kuingia dukani na kutoka. Nimesomea usalama wa silaha darasani, nikafanya mtihani, polisi wakanipekua maisha yangu yote, nikafunga kabati la chuma ukutani. Mtoto hamiliki bunduki kwa sheria ya hapa. Imeandikwa kwa jina langu, yeye ana kibali cha kupiga nikiwa pembeni yake. Nilikuwa nikitoka zamu nimevunjika mgongo, naketi kujaza fomu, na kila nikiandika jina la mtoto nakuona wewe na soda yako.

Maduka yalipofunguliwa Oktoba nikaenda na Raheli, pamoja na Kalume, Mkongomani wa Ingleburn tunayefanya naye kazi. Yeye huwinda sungura wanaoharibu malisho kwenye shamba moja nje ya mji. Nikaiona ukutani. Ndefu, nzito, kitako cha mti mwekundu, mtu angeapa ni ile ya Baba. Nikasema hii hii. Nilishaipiga hesabu ile picha: Raheli ameishika, na mimi nakutumia.

Raheli akaibeba. Mtutu ukaanza kuyumba, bega likashuka, shingo akaipinda kuitafuta shabaha. Muuzaji, mzee mmoja mpole, akakiweka kitako kwenye kiwiko cha mtoto na kutuonyesha kwamba kidole hakifiki hata kwenye kifyatulio. Akasema mtoto akianza na bunduki inayompiga bega atajifunza kufumba macho, na hatafumbua tena. Mimi nikang'ang'ania, eti atakua. Nilibishana na mzee wa watu kama niko gulioni Kayanga.

Ndipo Kalume akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Mama Raheli, unanunulia mutoto ao unanunulia ule muzee wa simu?"

Niliona aibu, Baba Mdogo. Nakuchukia kwa hiyo aibu pia, iongeze kwenye mengine. Mwaka mzima nimehangaika, kumbe nilikuwa nakununulia wewe.

Tukachukua fupi, nyepesi, ya risasi ndogo za sungura, inayopakiwa risasi moja moja. Kitako chake ni plastiki nyeusi, sura yake haina hata chembe ya utukufu, utadhani mpini wa mopu. Lakini Raheli alipoiweka begani ilitulia tuli, na yeye akatabasamu, mtoto ambaye tangu babu yake afe alikuwa hacheki ovyo.

Halafu akafanya jambo. Kabla ya kumrudishia muuzaji aifunge, akaichomoa bolti, kile chuma unachovuta na kusukuma ukipakia, akaniwekea kiganjani, akaniambia kwa Kiingereza chake nimshikie. Hakuna aliyemfundisha. Machozi yalinitoka palepale dukani, barakoa ikalowa.

Kwa sababu hivyo ndivyo alivyofanya Baba. Ulikuwa ukija kwetu, unaikuta bunduki nyuma ya mlango, hukuwahi kujua kwamba ni chuma tupu. Tangu nina miaka tisa, Baba alikuwa akirudi kutoka kulinda mihogo isiliwe na nguruwe pori ananipa bolti nikaifiche, na hakuuliza nimeificha wapi mpaka siku anayoihitaji. Alisema mtu akipandwa na hasira, asikute kila kitu mahali pamoja. Nilipoondoka kuja huku akaacha kuwinda. Na wiki ya mwisho ya uhai wake aliniambia kwenye simu, hiyo hiyo simu, kwamba bolti iko palepale tulipopajua mimi na yeye, na kwamba ni ya Raheli.

Shangazi Goreth ameniambia mlipeleka bunduki kwa fundi Bukoba, fundi akacheka kuona haina bolti. Ameniambia pia kwamba Godfrey huitundika ukutani wageni wakija, na nguruwe pori wanaendelea kula mihogo yenu. Pole sana, Baba Mdogo. Mwaka mzima na ushee mwanao anatembea na rungu la mtutu! Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumamosi iliyopita tulikwenda shambani na Kalume. Raheli alikosa risasi ya kwanza. Ya pili hakukosa. Picha sikupiga.

Sasa sikiliza. Mipaka imefunguliwa, nimeshakata tiketi, tutafika Karagwe tarehe ishirini Desemba. Waite wazee wale wale, kwenye meza ile ile, uiweke bunduki katikati na useme kwa mdomo wako ni ya nani. Raheli ataichomeka bolti kwa mkono wake mbele yenu, na mambo ya kibali tutayamaliza polisi. Usipowaita, tutakula Krismasi yetu vizuri na kuondoka, na bolti itabaki ilipo. Utazeeka ukiiwaza.

Msalimie Mama Mdogo, yeye sina ugomvi naye. Msalimie Shangazi Goreth, na binti yake Vicky umpe hongera ya mtoto. Godfrey mwambie aendelee kupaka mafuta mtutu usishike kutu, maana wenyewe twaja.

Mungu akutunze wewe na goti lako mpaka Desemba. Nakutaka mzima kabisa siku hiyo.

Mimi mwanao, ninayekupenda kwa shida,

Leokadia binti Ponsian

Tena, mwambie Godfrey aache kuchimba sakafu ya chumba cha marehemu. Bolti haimo humo.