Karatasi Niliyoikana

Bunia, Alhamisi, mwezi wa kumi 1985

Mvua imenyesha tangu alfajiri na bado haijachoka. Bati linapiga kelele hata redio ya jirani haisikiki, na hiyo ni faida. Mguu wangu wa kushoto unanuka. Jana nesi alipobadilisha bandeji aligeuza uso kidogo, akidhani sikumwona.

Nimeandika katika daftari hili tangu nilipostaafu ualimu. Nikilipekua naona kurasa zimejaa hali ya hewa, mahubiri, na makosa ya Kifaransa ya watu wengine. Makosa yangu sikuyapa nafasi. Leo naandika moja, kwa sababu daktari amesema figo zimechoka, na mimi ninaelewa maana ya daktari akiongea polepole.

Nilimfukuzisha mke wa mwanangu kwa ajili ya mandazi.

Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Inafanana na mzaha wa watoto wa shule. Lakini mwanamke yuko Mahagi kwa wazazi wake tangu mwezi wa nne, na mjukuu wangu amejifunza kutembea huko.

Mambo yalianza mwaka jana, nilipoanguka kanisani nikisoma matangazo. Kambale, mwanangu, fundi wa magari, alinipeleka hospitali ya Nyankunde. Daktari alipima damu, akapima mkojo, akapima tansiyo, yaani shinikizo la damu, kisha akachukua utepe kama ule wa mshonaji akanizungushia tumboni. Akaniambia kwamba sukari, tansiyo na tumbo la namna yangu hutembea pamoja: kimoja kikiingia nyumbani, vingine viko mlangoni. Dawa zitasaidia kidogo tu, alisema, kama sahani itabaki ile ile. Akaandika kwenye karatasi, kwa Kifaransa, nile nini na niache nini.

Afoyo, mke wa Kambale, hakusoma Kifaransa. Mimi ndiye niliyemtafsiria. Chini ya kila mstari wa daktari niliandika Kiswahili, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, kisha nikasimama penye mlango wa jiko nikamsomea mara mbili. Fufu ya muhogo kiasi cha ngumi moja. Sombe ya majani ya muhogo kwa kijiko kimoja cha mawese, siyo sombe inayoogelea. Mboga ya lengalenga, yaani mchicha, kila siku. Maharagwe. Samaki mbichi wa ziwani, achemshwe na nyanya. Samaki wa chumvi hapana. Chai bila sukari. Papai kipande kimoja. Na kila asubuhi mgonjwa atembee nusu saa.

Alikariri yote kwa siku tatu. Karatasi nikaichukua mimi nikaiweka sandukuni, chini ya rejista zangu za zamani, nikisema moshi wa jikoni utaiharibu.

Alipika kama mtu anayefanya mtihani. Alipima fufu kwa ngumi yake mwenyewe, kisha akaniomba nimwonyeshe ngumi yangu, apate kulinganisha. Alikwenda sokoni mapema kutafuta samaki ambaye hajatiwa chumvi. Naye alikuwa akila chakula kile kile, wakati ananyonyesha, ili pasiwe na sufuria mbili na mimi nisijione mgonjwa. Hilo sikulijua. Kambale ndiye aliyeniambia, akicheka, kwamba katika nyumba hii chumvi imebaki rafiki yake peke yake.

Baada ya miezi mitatu daktari alipima tena akafurahi. Mimi pia nilijua. Nilikuwa nalala bila kuamka mara nne kwenda msalani. Kichwa kiliacha kugonga. Nilifunga kamba za viatu vyangu mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka mingi.

Nilikuwa nimepona kiasi ambacho mzee anaweza kupona. Hili naliandika wazi ili nisije nikasingizia ugonjwa.

Lakini nilikuwa nimekonda. Na katika mji huu mzee mnene ni mzee anayependwa na watoto wake. Mzee aliyekonda, watu hutazama nani anapika.

Jumapili moja baada ya ibada, dada yangu Masika, anayeniita yaya, kaka mkubwa, alinishika mkono uani pa kanisa. Yeye anakaa Mudzipela, siyo mbali na hapa, na anauza mandazi asubuhi mbele ya nyumba yake. Alinitazama toka juu hadi chini mbele ya wamama wenzake.

"Yaya, ile koti ndiyo inakuvaa, haiko weye unaivaa. Wanakulishaka nini kule kwako?"

Wamama wakacheka. Nilipaswa kujibu kwamba napona. Jibu lilikuwa mdomoni, fupi na la kweli. Badala yake nilishusha pumzi nikasema, "Mungu anajua."

Masika alinipeleka kwake. Akanipa chai yenye sukari vijiko vinne na mandazi ya moto, yaliyotoka kwenye mafuta wakati huo huo. Nilikula matano. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama kile. Alinitazama nikila, machozi yakamlengalenga, akasema kaka yake ananyimwa chakula na wageni.

Mimi nikachukua la sita.

Tangu siku hiyo, ile nusu saa ya kutembea niliyoagizwa na daktari ilikuwa na mwisho wake. Nilitoka nyumbani na fimbo yangu, Afoyo akanisindikiza kwa macho, akifurahi kwamba mzee anafuata karatasi. Nilikwenda moja kwa moja hadi kwa Masika. Mandazi, chai, mara nyingine ndizi za kukaanga. Wamama wa kwaya waliposikia, kila mmoja alitaka kunihurumia kwa sahani yake. Nilihurumiwa nikashiba. Na Jumapili nilisimama mbele ya waumini, mimi mzee wa kanisa, nikawafundisha kuhusu kiasi.

Kwetu baba mkwe hagombani na mke wa mwana juu ya chakula. Analetewa sahani imefunikwa. Anayeleta anapiga goti, anaiweka, anaondoka. Ukishiba na kuridhika, unaifunika tena. Ukiiacha wazi na chakula kimebaki, umesema neno, na kila mtu mzima anayeingia sebuleni analisoma neno hilo.

Nilianza kuacha sahani wazi.

Hiyo ndiyo sehemu niliyoitumia kujidanganya mwaka mzima. Nilijiambia kwamba sikusema uongo hata mmoja. Nilikuwa tu sina njaa. Wageni walikuja kunisalimu, wakaona lengalenga zimepoa mezani, wakaona mifupa ya uso wangu, wakaondoka wakinong'ona.

Afoyo aliona sahani zinarudi. Hakuweza kuniuliza, na mimi nilijua hawezi. Alidhani anakosea vipimo. Akapunguza fufu. Akaacha kabisa kile kijiko cha mawese. Sukari yangu wakati huo ilikuwa imerudi kwa nguvu, na sukari ikizidi inakausha mtu, kwa hiyo nilikonda zaidi, safari hii kwa ugonjwa. Nilikuwa na kiu mchana kutwa. Yeye alinichemshia maji, akayapoza, akayaleta kwa magoti.

Mwezi wa nne Masika aliita wazee wa ukoo nyumbani kwake. Walikuwa watano, mbali na Kambale na mimi. Afoyo alikaa mkekani, mtoto mgongoni. Walimwambia kwamba anamuua baba mkwe kwa njaa. Mmoja akaongeza kwamba labda siyo njaa tu, labda kuna kitu kinawekwa katika yale majani. Mwingine akauliza huko kwao Mahagi wazee wanalishwa namna gani. Kambale aliinamisha kichwa.

Afoyo hakulia. Alisema taratibu, "Miye nilipikaka vile munganga aliandika. Papa iko na karatasi. Yeye mwenyewe alinisomeaka."

Wote wakanigeukia.

Ningesema ndiyo, wangetuma mtu kuileta. Wangesoma kuhusu sukari na mafuta. Masika angeuliza kwa nini basi nilikula kwake kila asubuhi. Wamama wa kwaya wangejua. Kanisa lingejua. Niliona yote hayo kwa muda mfupi kuliko muda wa kukohoa.

Nikasema, "Karatasi gani?"

Afoyo alinitazama mara moja. Mke wa mwana hamwiti baba mkwe mwongo mbele ya watu. Mimi nilijua desturi hiyo, nikajificha ndani yake. Alisimama, akafunga vizuri kitenge kilichombeba mtoto, akatoka. Kesho yake Kambale alimtafutia nafasi katika lori la Mahagi. Walisema anakwenda kupumzika. Hakuna aliyesema atarudi lini.

Jumamosi hii, keshokutwa, Masika na Kambale wanakwenda Butembo kuona msichana mwingine.

Ndiyo maana naandika leo. Kambale atatoka garaji jioni. Nimeshika kalamu tangu asubuhi nikijifunza kusema maneno ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuyasema.

Usiku, saa tatu.

Mvua imekatika. Nimemwambia.

Aliingia akanawa mikono kwa sabuni ya unga, kama kawaida, muda mrefu, mafuta ya gari hayatoki upesi. Nilimwomba aketi. Akafikiri ni habari za mguu. Nikamwambia avute sanduku chini ya kitanda, atoe rejista, atazame chini yake.

Alisoma akiwa amesimama. Alisoma mistari ya daktari, kisha ya kwangu, kisha akarudi juu.

"Ni mukono yako hii, Papa."

Nikasema ndiyo. Nikamweleza yote kama nilivyoyaandika hapa, ila kwa kinywa yalikuwa machafu zaidi. Nilimweleza kuhusu kutembea asubuhi, na mandazi, na sahani. Nilisema kwamba mkewe hakupunguza wala kuongeza kitu ila kwa kunitii.

Nilitegemea atapiga kelele. Nilitaka apige kelele. Alikaa juu ya sanduku akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia,

"Juu ya mandazi?"

"Ndiyo."

"Papa, juu ya mandazi?"

Nimefundisha watoto wa mji huu kwa miaka zaidi ya thelathini, na nilikuwa na neno moja tu.

Alitoka akaenda kwa shangazi yake. Sijui alimwambia nini. Baadaye Masika alikuja, akasimama mlangoni bila kuvua kanga ya mvua kichwani. Alisema, "Yaya, ulinifanya nimutukane mutoto wa watu." Nilimwomba aingie. Alisema leo miguu yake haitaki. Akaenda. Ni dada yangu wa mwisho aliye hai.

Safari ya Butembo haipo tena. Kesho asubuhi Kambale anapanda lori la Mahagi. Nilimwambia nitaandika barua kwa Afoyo na kwa baba yake, barua nzuri, yenye heshima zote. Alikataa. Alisema Afoyo hakukanwa kwa barua. Kama atakubali kurudi, nitamwambia kwa kinywa, mbele ya wale wazee watano, pale pale kwa shangazi. Na kama hatakubali, Kambale atamwelewa, na mimi nitakufa hivyo hivyo.

Amehesabu: siku moja ya kwenda kama barabara haijaharibika, siku mbili za kuwasikiliza wakwe na kuomba, siku moja ya kurudi. Jumatatu jioni, labda.

Nesi alisema jana, akidhani nimelala, kwamba haelewi mzee huyu anashikilia nini.

Kabla hajaanza kufunga mzigo wake, Kambale aliingia jikoni. Hajui kupika. Aliweka karatasi juu ya meza, akaisoma huku akichuma lengalenga, akazichemsha bila mafuta, akaleta na kipande cha fufu alichokipima kwa ngumi yake kubwa ya fundi, kisha akakipunguza. Hakusema karibu. Lengalenga zilikuwa ngumu, na mchanga haukutoka wote.

Nimekula zote, polepole, na maji.

Daktari aliniambia mwaka jana kwamba chakula hiki kingeweza kunipa miaka mingi. Sasa sitaki miaka. Nahitaji siku nne. Jirani atakayekaa nami Kambale akiwa safarini nimekwisha kumwonyesha karatasi, na nimemwambia asinipe kitu kingine hata nikimlilia.

Naomba Afoyo anikute akili yangu ikiwa bado na maneno.