Kitufe cha Kufuta Barafu

Aika,

Tumeshinda! Naanza na hilo kwa sababu najua ungeshanikatiza: "Mwanaidi, acha salamu, chumba kimebaki au kimekwenda?" Kimebaki. Chumba cha kompyuta bado ni chetu.

Tangu tukuzike kule kwenu Momela, mambo yamekwenda mbio. Hapa Kimandolu kila kona imefunguliwa kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, na Mkuu wetu wa shule naye akaingiwa na tamaa. Aliniita ofisini akaniambia siku hizi ni soko huria, zile kompyuta zetu za mtumba zitumike kuwafundisha watu wa mjini kuchapa kwa ada, badala ya watoto "kucheza mchezo wa mlima". Mchezo wa mlima, Aika! Ile programu uliyoitunga wewe, ya kuwafundisha watoto kwa nini kileleni kuna baridi, kwake ni mchezo! Nilichomwomba ni kimoja tu: bodi ya shule ije ione kwanza utafiti wetu, ndipo iamue.

Nilijiandaa peke yangu, na hapo ndipo nilipokulilia kwa kweli. Siku ya mazishi kulikuwa na watu wengi na kazi nyingi. Lakini kukaa mbele ya skrini, na kiti chako pembeni kitupu... basi, tuyaache.

Unakumbuka tulivyowagawa kidato cha pili? Mkondo mmoja ulimtazama tu mwalimu akisogeza mausi. Wa pili ulichagua jibu kwanza kwa kusimama upande mmoja wa chumba, kisha wanafunzi wakasogeza wenyewe. Baada ya likizo niliwauliza tena kwa nini juu ya mlima kuna baridi. Wengi wa wale watazamaji walikuwa wamerudi kule kule: "Barafu ndiyo inaleta baridi, mwalimu." Watoto wanaoamka asubuhi wakiona Kilimanjaro nyeupe kule mbali, utawalaumu? Lakini wale wako wa kuchagua upande! Binti mmoja wa Lemara aliinua mikono taratibu kutoka magotini hadi juu ya kichwa, akiitanua, akisema hewa inapanda, inapanuka, "na hapa sasa imepoa". Nilitamani kumkumbatia.

Bodi ikaja. Wazee wakajaa chumbani na makoti yao, na Mkuu akaninong'oneza, "Mwalimu, waonyeshe jibu upesi, wazee wana shughuli zao." Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mausi. Niliogopa, Aika. Wakichoka, chumba kimekwenda. Nikakukumbuka pale wodini, sauti imekuishia na bado unanisomesha: "Usiwaonyeshe. Waache wakosee kwanza." Nikautoa mkono.

Nikawaomba wasimame, kama ulivyozoea kulisimamisha darasa. Anayesema barafu ndiyo inaleta baridi aende dirishani, anayesema baridi ndiyo inaleta barafu aende mlangoni, na katikati habaki mtu. Walicheka, wakainuka. Mwenyekiti, yule mzee wa duka la vipuri, akaenda dirishani kifua mbele. Mkuu akamfuata, maana Mkuu humfuata Mwenyekiti popote.

Nikampa Mwenyekiti mausi. Aliishika kama mtu aliyekamata kifaranga. Akabonyeza kitufe chako cha kufuta barafu, mlima ukabaki mtupu, akakikodolea macho kipimajoto cha kileleni akisubiri joto lipande. Halikupanda. Akairudisha barafu, akaifuta tena. "Mbona bado baridi?" Mungu anajua nilivyojizuia nisimwambie. Basi akaanza mwenyewe kuuvuta juu kwa mausi ule mfuko wa hewa uliouchora chini ya mlima. Akauona unavimba, vidoti vya hewa ndani vinapunguza mwendo, joto linashuka. "Ala! Kumbe ni hewa yenyewe!" Akavuka chumba akaenda kusimama mlangoni bila kuambiwa na mtu. Mkuu akamfuata tena.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Bodi ikaamua pale pale kwamba chumba ni cha sayansi, na wanaotaka kuchapa watafutiwe pengine. Chuo nilichokipelekea utafiti wetu nacho kimeupokea, na jina lako ndilo la kwanza. Usibishe, huwezi sasa.

Jambo moja zaidi. Fundi wa kompyuta anataka kuuchora mlima upya, maana Meru yako, uliyoivisha barafu ya Kilimanjaro, imekaa kama andazi lililokosa hamira. Nimemkatalia. Nakuahidi, mlima wako hautaguswa nikiwa hapa, na kila mtoto atakayeingia chumba hiki atakosea kwanza, kwa raha zake.

Kwaheri, rafiki yangu. Kidato cha pili wapya wameingia na nimewaambia wachague upande. Wako dirishani, karibu wote.

Mwanaidi