Presha ya Baba Watoto

Shoga, natoka kliniki sasa hivi. Siamini!

Nesi kasema mimba nyingine inaweza kuniua. Vidonge vya uzazi wa mpango havifai kwa presha yangu, kijiti na kitanzi vyote vilinitoa damu. "Imebaki baba afunge uzazi. Dakika ishirini tu, anarudi nyumbani."

Mume wangu, yule wa "niko nawe kwa lolote", KWA LOLOTE shoga, akashika kifua: "Hata mimi nina presha."

Ya lini?!

Nesi hakubishana. Akamfunga kipimo mkononi. 120 kwa 80!

"Baba, uko mzima kuliko mimi."

Kufika getini ananong'ona eti bora tulale vyumba tofauti. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Sasa ndiyo presha inampanda.